Pikipiki ya Baba Imeshika Kutu: Nianzie Wapi?

Swali: Fundi, shikamoo. Marehemu baba alikuwa mwalimu Mombasa na miaka yote alikwenda shule kwa Honda C90. Alipostaafu aliileta kwetu Kahawa West, Nairobi, ikawekwa nyuma ya nyumba chini ya mabati tangu 2011. Sasa ina kutu kila mahali, kiki haishuki hata kidogo, na tangi likifunguliwa linanuka kama vanishi. Fundi mmoja wa mtaani anataka nimpe pesa aipige mchanga kwa mashine na kuipulizia rangi mpya, halafu injini “tutaiona baadaye”. Mimi nataka kuifanya mwenyewe, polepole. Sina karakana, nina uwanja mdogo wa nyuma na jioni zangu. Inawezekana?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Inawezekana, na uwanja huo unatosha. Ila huyo fundi anataka kuanzia mkiani. Fremu ya C90 haikujengwa kwa mabomba kama ya hizi Boxer unazoziona stejini. Ni mabati mawili yaliyokandamizwa kwa presi, la kushoto na la kulia, yakachomelewa pamoja, katikati pakabaki uwazi kama wa mtungi. Ukiipiga mchanga kabla hujajua hali ya ndani, mchanga utajaa humo na utaendelea kuumwaga barabarani miaka na miaka. Na pale ambapo kutu imeshakula kutoka ndani, mashine itamalizia kazi. Utarudishiwa chujio lililopakwa rangi nzuri.

Kwa hiyo usitoe hata shilingi mpaka ujue kutu imekula wapi na wapi imekaa tu. Hiyo unayoiona kwa macho, nyingi imekaa tu.

Jioni ya kwanza usifungue kitu. Piga picha kwa simu, pande zote, hasa nyaya zinapopita na kebo zinapojipinda. Picha hamsini si nyingi. Utakapokuwa unarudisha waya wa honi miezi mitatu baadaye utanikumbuka.

Halafu osha. Kutu ya Mombasa si sawa na kutu ya Nairobi, na hili wengi hawalijui. Chumvi ya bahari hujificha chini ya maganda ya kutu, huvuta unyevu kutoka hewani na kuendeleza ulaji hata juu ukipaka rangi ya aina gani. Ndiyo maana utaona mtu kapaka rangi Desemba, na mvua za Aprili zikifika inavimba vipele. Chemsha maji, tia sabuni, osha kila kona, suuza kwa maji safi mengi, anika juani, kesho yake rudia. Mara tatu. Funga tundu la kabureta na la ekzosi kwa nailoni ili maji yasiingie. Chini ya fremu utakuta vitundu vidogo vya kutolea maji. Bila shaka vimezibwa na udongo mgumu wa miaka mingi. Vizibue kwa kipande cha waya. Usishangae likitoka tope jekundu; humo ndimo kutu yako halisi ilimokuwa ikiishi.

Ikikauka, chukua bisibisi kubwa, ishike upande wa chuma na ugonge fremu kwa mpini, taratibu, kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Bati zima hulia kwa sauti kali yenye mwangwi. Bati lililoliwa hujibu “pu”, kama boga. Tega sikio zaidi sehemu tatu: chini mahali betri inapokaa, maana asidi iliyomwagika hula kuliko mvua, pale fremu inaposhika mkono wa gurudumu la nyuma, na kwenye vishikio vya shokamzoba za nyuma. Pakikujibu “pu”, geuza bisibisi na uchome kwa ncha, kwa nguvu ya mkono tu. Isipopenya, shukuru. Ikipenya pembeni, mbali na vishikio hivyo, panazibika: kata mpaka ufikie chuma kizima, kisha mpelekee fundi wa welding ya gesi au ya MIG akutilie kiraka. Welding ya kawaida ya stiki, ile ya mageti na madirisha, ina joto kali mno kwa bati jembamba kama hili. Itatoboa tundu la pili akijaribu kuziba la kwanza. Lakini ikipenya pale mkono wa nyuma unaposhikiliwa, na tundu likawa la kuingia kidole, tafuta fremu nyingine au uifanye pikipiki hiyo pambo la sebuleni. Nimeona fremu ikikunjika pale dereva akiwa juu yake, kwenye tuta la kawaida tu. Alivunjika mfupa wa bega.

Tuseme fremu ni nzima. Sasa injini, ndiyo iliyobeba hofu yako yote, na nadhani hofu imezidi.

Kiki isiposhuka, mara nyingi ni ringi za pistoni zimegandana na ukuta wa silinda. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Mahali penye nafasi ya unywele, kutu kidogo tu inatosha kubana kama kabari. Usiikanyage kiki kwa nguvu. Utavunja meno ya gia yake ndani, na hapo umejitafutia tatizo la pili kabla hujatatua la kwanza.

Toa oili ya injini kwanza, uitazame. Ikiwa nyeusi, vyema. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na beringi za ndani nazo zina mashaka. Kisha toa plagi. Kila fundi atakuambia umimine mafuta kwenye tundu la plagi na usubiri. Ni kweli, ila kwa injini hii kuna jambo. Silinda ya Cub, ukoo wa hii C90 yako, imelala, inatazama mbele karibu sambamba na ardhi. Ukimimina mafuta pikipiki ikiwa imesimama kawaida, yatatuama upande wa chini wa silinda. Nusu ya ringi italowa, nusu itabaki kavu, nawe utakaa wiki mbili ukilaumu mafuta.

Isimamishe kwa mkia. Toa betri, toa petroli yote, tandika gunia, kisha wewe na jirani mmoja muinue gurudumu la mbele mpaka pikipiki isimame kwa taa ya nyuma kama mbuzi anayetafuta majani ya juu. Ifunge kamba ukutani au kwenye mti, ifunge vizuri, na watoto wasicheze hapo. Sasa kichwa cha silinda kinatazama juu na pistoni imekuwa sakafu ya kikombe. Changanya asetoni na mafuta ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, mimina vijiko vinne hivi. Asetoni inawaka upesi, kwa hiyo jiko na sigara vikae mbali. Mchanganyiko huu hujitenga, utikise kila unapomimina.

Kila jioni mulika tochi kwenye tundu la plagi. Kimiminika kikipungua maana yake kinapenya kwenye ringi, hiyo ni habari njema, ongeza. Baada ya siku nne au tano, fungua kifuniko cha kushoto cha injini. Utaona gurudumu zito la sumaku na nati katikati. Weka boksi spana kwenye nati hiyo na usukume kuelekea upande wa kukaza, kwa mkono mmoja. Usichomeke bomba kuongeza urefu wa spana. Isipokwenda, ongeza mafuta uende ukalale. Najua kuna ujanja wa kuweka gia ya juu na kusukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma. Kwa pikipiki zenye klachi ya mkono unafaa sana. Cub ina klachi inayojishika yenyewe kwa mzunguko wa injini, na injini iliyozimika haikupi mshiko wa kutegemea.

Itakapoachia utajua. Haipasuki kwa kishindo. Unasukuma, unasukuma, mara mkono unasogea kama upana wa punje ya mchele, na unasikia mkwaruzo mdogo kama mlango wa kabati la zamani. Hapo ndipo vijana wengi huharibu, kwa furaha. Usizungushe! Rudi hapo hapo, nenda tena, sogeza kidogo kidogo. Chembe za kutu zilizoachia bado zimo ndani, na ukizikokota mzunguko mzima zitachora silinda. Kabla ya mzunguko wa kwanza kamili, fungua vile vifuniko viwili vya duara vilivyo juu na chini ya kichwa cha injini, utazame valvu. Bonyeza kila moja. Valvu iliyogandia ikiwa wazi itapigwa na pistoni na kupinda.

Mimi nilijifunza subira hii kwa gharama ya mtu mwingine. Nilikuwa kijana, kwenye karakana ambayo jina lake naliacha, tukaletewa injini iliyokwama. Nikafungua kichwa, nikaweka kipande cha mti juu ya pistoni, nikapiga nyundo. Ilitoka, naam, ila sketi ya pistoni ilikuwa vipande vitatu na silinda ina mfereji. Bosi hakunipigia kelele. Alinipa zile vipande nivitie mfukoni, akanikataza kuvitoa mpaka mwisho wa mwezi.

Ikishazunguka, bado ufungue kichwa na silinda. Utakuta mstari wa duara mahali ringi zilikuwa zimelala miaka yote hiyo. Upitishe ukucha. Ukucha ukiteleza, msasa laini na ringi mpya vinatosha. Ukucha ukikwama, silinda ichongwe. Kipenyo cha asili cha C90 za zamani ni milimita 50 (za baadaye ni 47, kwa hiyo pima kwanza), na pistoni kubwa zaidi huja kwa hatua za robo milimita: 50.25, 50.50 na kuendelea. Nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mchongaji vyote viwili, kwa sababu silinda huchongwa kufuata pistoni iliyo mkononi. Ukichonga kwanza halafu ukakosa pistoni ya saizi hiyo, umebaki na kikombe cha chuma. Barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado wanaiita Grogan, utapata wachongaji na wauza vipuri mlango kwa mlango. Usivunjike moyo ukiambiwa mara ya kwanza kwamba vitu vya Cub havipo. Honda walianza kutengeneza ukoo huu mwaka 1958, na kufikia 2017 walikuwa wameshatoa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko hicho. Vipuri viko, tatizo ni kujua kuuliza.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Beringi usiiombe kwa jina la pikipiki. Ifute, usome namba iliyogongwa ubavuni. Ukikuta 6301, hiyo ni beringi yenye tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje cha milimita 37, iwe imetoka kwenye Honda au kwenye pampu ya maji. Nenda duka la beringi utaje namba, bei yenyewe itakueleza kwa nini nimekuambia.

Sasa hilo tangi. Kwenye Cub limejificha chini ya kiti, ni dogo na linatoka kirahisi. Harufu ya vanishi ni petroli iliyooza. Imwage mbali na mtaro na mbali na moto. Toa bomba la mafuta na geji. Tia vikombe viwili vya kokoto ndogo zenye makali, maji na sabuni, kisha litikise. Litikise mpaka mikono iume, mpe na ndugu yako atikise. Maganda makubwa yatatoka hivyo. Hesabu kokoto unapozitia na unapozitoa. Baada ya hapo jaza maji yenye asidi ya sitriki, ule unga wa chumvi ya ndimu unaouzwa maduka ya viungo vya keki na ya kemikali, gramu mia moja kwa kila lita. Acha usiku kucha, chungulia asubuhi. Ukiona chuma cha kijivu, mwaga, suuza kwa maji yenye baking soda kuua asidi iliyobaki, likaushe haraka kwa hewa ya moto, na papo hapo tia petroli kidogo iliyochanganywa na oili ya tu-stroki, ulizungushe ilowe kote. Ukilikausha na kuliacha wazi hata usiku mmoja tu, litageuka rangi ya chungwa tena.

Usitumie ile asidi ya kusafishia vyoo. Naisema hii nikiwa nimeinamisha kichwa. Niliwahi kulijaza tangi la mteja nikaenda kulala, nikijiona mjanja. Asubuhi lilikuwa limelowesha sakafu yote. Ile asidi ni ya haidrokloriki. Haichagui kati ya kutu na bati. Kuhusu dawa za kupaka ndani ya tangi, zile zinazoganda kama plastiki, mimi sizipendi. Zikipakwa juu ya kutu iliyobaki hubanduka baada ya mwaka na kuziba kabureta. Tangi linalovuja lichomelewe na fundi anayejua kulisafisha mvuke wa petroli kwanza. Hilo usilifanye nyumbani, hata ukiona video mia.

Vipande vidogo vya chuma, kama mkono wa kiki, stendi, pedali ya breki na bolti, vina njia tamu isiyohitaji msuli. Ndoo ya plastiki, maji, magadi, chaja ya betri na kipande cha nondo. Nikisema magadi sina maana ya ile unayotia kwenye githeri. Ile ghafi ya ziwani ina chumvi ya kawaida ndani yake pamoja na floridi, na chumvi ikipitiwa na umeme hutoa klorini, mbali na kuirudishia pikipiki yako chumvi uliyohangaika kuiosha. Nunua magadi iliyosafishwa, maduka ya kemikali huiita soda ash. Kijiko kimoja cha mezani kwa lita nne za maji. Waya hasi wa chaja kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye nondo, na viwili hivyo visigusane. Ukikosea hapo, nondo itang'aa na mkono wa kiki utaliwa. Utaona vipovu vikitoka kwenye kipande, na juu povu la kahawia. Acha kwa muda wa saa nane au usiku kucha. Chaja mpya za kisasa hukataa kuwaka zisipoona betri. Tafuta ile ya zamani nzito yenye transfoma.

Vipovu vile ni haidrojeni, kwa hiyo fanya nje, pasipo na jiko, na uzime stima ukutani kabla ya kugusa waya. Kwenye chanya usitumie kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa kromiamu yenye sumu kali ndani ya maji. Usizamishe alumini, maana magadi huila. Wala springi, kwa sababu haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama biskuti. Kipande kikitoka kitakuwa na unga mweusi. Usugue kwa brashi, kausha, paka praima siku hiyo hiyo.

Skrubu za injini zitakutesa. Vichwa vyake vina msalaba wa Kijapani, na bisibisi ya kawaida ya nyota haikai mpaka chini, hupanda na kula kichwa. Nyingine zina kidoti kidogo kichwani, hicho ndicho kitambulisho. Pata bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Zinazokataa, pasha moto alumini inayozizunguka: kwa joto lile lile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na skrubu hulegea yenyewe.

Kromu hutibika kwa karatasi ya foili na maji, sugua polepole. Vishimo havitafutika, ila vitanyamaza. Rimu uzitazame kwa ndani, chini ya ule utepe wa mpira unaokinga tyubu; hapo ndipo zinapooza huku nje zinang'aa. Tairi hizo tupa hata zikiwa na meno. Ubavuni zina tarakimu nne, mfano 3208, yaani wiki ya 32 ya mwaka 2008. Mpira wa umri huo ni mbao. Ukifungua breki, vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa breki za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa utupe.

Nije kwenye rangi, ambayo fundi wako alitaka kuanza nayo. Zile kinga za miguu za mbele ni plastiki, hazijui kutu. Zioshe tu, na ufa ukiwepo uchomwe kwa ndani. Kwenye bati, mahali kutu imetoboa rangi, msasa, praima na rangi ya kulingana basi. Pengine pote mimi ningeiacha rangi ya mzee. Angalia karibu na kiti, upande wa kupandia. Nina hakika kuna mahali rangi imelika kwa duara laini, kwa sababu mguu wake ulipita hapo kila asubuhi ya shule. Huwezi kununua hiyo Kirinyaga. Ukiwa na shaka, nenda siku ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, utazame pikipiki za zamani zinazopangwa mbele ya majaji, ulinganishe iliyopigwa rangi mpya na iliyotunzwa ya asili, ujue moyo wako unavutwa wapi. Ndani ya fremu, baada ya kukauka kabisa, mimina oili mpya ya gia iliyopashwa moto pamoja na grisi kidogo, ugeuze fremu huku na huku itambae mpaka vitunduni. Itadondoka siku kadhaa. Weka magazeti.

Makaratasi yasikusahaulishe. Namba ya fremu na ya injini zisiguswe na msasa kamwe. Kama logbuku bado ina jina la marehemu, kuihamisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kunahitaji hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na hiyo huchukua muda kuliko injini. Anza sasa, wakati pistoni inalowa.

Ukifika siku ya kuiwasha: kabureta isafishwe mpaka uone mwanga kupitia kila kitundu, na usichokoe kwa sindano, kwani kitundu kikipanuka umekiua, unywele wa brashi unatosha. Mwanya wa valvu zote mbili uwe milimita 0.05 injini ikiwa baridi, yaani nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, hivyo tumia fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mianya, na wala usikisie. Mwanya wa pointi, ile swichi ndogo ya kuzalisha cheche, milimita 0.3 hadi 0.4, wa plagi 0.6 hadi 0.7. Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi yake inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo na oili za magari madogo zinaweza kuitelezesha. Injini hii haina filta ya karatasi, ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka kukamata uchafu. Visafishe, na uimwage oili ya kwanza baada ya kilomita 50 tu. Kabla ya kurudisha plagi, piga kiki mara thelathini kifuniko cha valvu kikiwa wazi mpaka uone oili imepanda. Mara ya kwanza ilishe petroli kutoka kwenye chupa iliyoning'inizwa, tangi lisubiri.

Itatoa moshi mweupe wa yale mafuta ya asetoni kwa dakika kadhaa, usiizime. Moshi mweusi ndio wa kufikiria. Kabureta yako ilipangwa kwa hewa ya Mombasa, kando ya bahari. Hapa Nairobi tuko juu kiasi cha mita 1,700, na hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo petroli ile ile inakuwa nyingi mno kwa hewa iliyopo. Iendeshe kilomita tano hivi, izime ghafla ikiwa kwenye mwendo, toa plagi uitazame ncha. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, tafuta jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iliyo ndogo kwa namba moja au mbili, ujaribu tena. Ikiwa na rangi ya kahawia, kama ganda la korosho, iache hivyo hivyo. Piga picha ya hiyo ncha mchana, kwenye mwanga wa jua, uniletee pamoja na namba iliyogongwa kwenye jeti yako ya sasa.